King'ora Kilichomwita Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Nimepangusa tena sensa ya baraza, kile kijicho cha alamu kinachoona mtu akipita. Sam, wale wadudu wa ziwani, walikuja jana jioni kama moshi, wakajaa kwenye kioo chake mpaka king'ora kikalia bure. Nimewafagia nusu karai. Kuku wamekula wakashiba.

Alamu hii niliifunga mwenyewe mwaka juzi, baada ya wezi kubeba mtungi wa gesi na pampu ya maji. Mtu aliyefundisha fizikia mpaka akastaafu hawezi kumwita fundi aje kuunganisha betri na swichi, ni aibu. Boksi liko sebuleni nyuma ya pazia. King'ora kiko chini ya paa. Sensa mbili, moja mbele na moja nyuma. Ilitutosha.

Sasa haitutoshi. Ijumaa nilikuwa bafuni nafua, Mzee akatoka kwa mlango wa nyuma. Mume wangu. Tangu kichwa chake kianze kupoteza mambo huwa anazungukazunguka uani, anashika hiki, anaacha kile, lakini hajawahi kuvuka lango. Ijumaa alifika ziwani. Akina mama wanaofua nguo pale ufukweni walimtoa ndani ya maji, amevaa viatu, maji magotini. Walimleta nyumbani wamemshika mikono. Mimi hata sikuwa nimejua ametoka. Niliogopa sana, na bado naogopa.

Habari zimefika Kombewa, kwao Mzee, sijui kwa mdomo wa nani. Shemeji Odhiambo, mdogo wake, amepiga simu leo. Anataka kumchukua. Anasema boma lao lina watu, hatakosa macho ya kumwangalia. Nalijua hilo boma. Shangazi yao alipoanza kusahau, walimfungia kwa nje kila walipokwenda shambani, mpaka akafa. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa na kazi. Nimemwambia Mzee haendi popote. Tumevutana mpaka tukafika hapa: akiingia majini tena, Shemeji anakuja na gari na mimi sitasema neno. Nimesema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Akinyi, binti yetu wa Nakuru, anasema nitafute msichana wa kazi. Tulikuwa naye. Mzee alimfukuza kwa rungu. Alikuwa afisa wa uvuvi, miaka yote kazi yake kukamata watu wenye nyavu haramu, na sasa kila mgeni ndani ya nyumba ni mwenye nyavu.

Basi nitaigeuza alamu. Niliiweka izuie mtu kuingia. Sasa iniambie mtu akitoka.

Jumanne, 4 Machi

Mjini asubuhi. Nimenunua sumaku za mlango, tatu, na waya. Kijana wa duka akaniuliza fundi wangu yuko wapi. Nikamwambia amesimama mbele yake. Akanipa risiti bila maneno mengi.

Kitu chenyewe ni rahisi. Vipande viwili. Kimoja kwenye fremu, kingine kwenye mlango. Mlango ukifungwa vinatazamana, stima inapita. Mlango ukifunguka vinaachana, boksi linajua. Hata kidato cha pili wangeelewa.

Nimeazima drili kwa Oluoch, jirani anayechomelea mageti pale kwenye kona. Alitaka kuja kunisaidia. Nimekataa. Nimehangaika na sumaku ya mlango wa nyuma mpaka saa ya chakula na haikufanya kazi. Nimekagua waya zote. Nimetukana kidogo. Kumbe mlango ni wa chuma, na chuma kinanyonya nguvu ya sumaku. Nilipaswa kujua hilo kuliko mtu yeyote katika mtaa huu. Kesho naweka kipande cha mbao katikati.

Alhamisi, 6 Machi

Mbao imefanya kazi. Mlango wa nyuma tayari, wa mbele tayari, lango tayari. Nikifungua wowote, king'ora kinalia mtaa mzima unasikia. Nazima kwa ufunguo wangu, nauvaa shingoni.

Mzee amekaa kwenye kiti karibu nami siku nzima. Ananipa skrubu moja moja, kila moja anaipangusa kwanza kwa shati. Hakuniuliza ninafanya nini. Mara moja aliniita kwa jina langu la usichana, lile la kwetu Katito. Nilifurahi mpaka nikasahau nilikuwa nimefika wapi na waya.

Jumamosi, 8 Machi

Jaribio la kwanza la kweli. Mchana, mimi jikoni nachambua sukuma wiki. King'ora kikalia. Nikasema vizuri, ndiyo hii. Nikapangusa mikono, nikaenda mlango wa nyuma bila haraka.

Mlango wazi. Mzee hayupo. Lango wazi. Nje nikamwona mgongo wake tayari uko mbali, anakimbia. Mzee ambaye asubuhi namshika mkono kumtoa kitandani. Anakimbia na rungu.

Oluoch ndiye aliyemsimamisha pale kwenye kona, na alipigwa begani kwa hiyo kazi. Tukamrudisha wawili, yeye anavuta mbele, sisi tunavuta nyuma. Alikuwa na hasira kama ya mtu aliyezuiwa kufanya kazi yake.

Nafikiri king'ora kilimtisha. Ama alikuwa ameshafika langoni kabla hakijalia, nikachelewa kusikia kwa sababu ya redio. Lazima kisikike upesi zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimefunga king'ora cha pili. Ndani, ukutani, juu ya mlango wa chumba chetu. Sasa hata nikiwa bafuni na maji yanamwagika nitasikia. Nimekijaribu mara moja, masikio bado yanaita. Mzee hakuwepo, alikuwa ametembezwa mbali na Mama Quinter, yule jirani anayekaanga samaki pale njia panda. Alikuja kumwona.

Nimeridhika na kazi yangu. Naandika hivyo ili nikumbuke.

Jumatano, 12 Machi

Mara mbili leo.

Asubuhi alifungua mlango wa mbele, nafikiri alitaka tu jua. Ving'ora vyote viwili vikalia. Akarudi ndani mbio, akachukua panga nyuma ya kabati, akatoka bila viatu. Nilimshika langoni. Aliniangalia kama mtu asiyenijua, panga mkononi, na mara ya kwanza katika ndoa yetu nilimwogopa.

Panga nimelificha. Mchana akatoka tena. Mlango huohuo, ving'ora vilevile, safari hii na mwiko wa ugali. Alifika njia panda na kuipita, amekwenda upande wa ziwani kabisa. Mama Quinter aliacha samaki kwenye mafuta, wakaungua wote. Hakumshika. Alitembea kando yake, akamuuliza, "Mzee, unaenda wapi?"

Akamjibu, "Husikii nduru? Nani analia?"

Mama Quinter alinieleza haya jioni amekaa kwenye ngazi yangu, akinusa moshi kwenye nguo zake. Akasema, "Mwalimu, yawa, wewe unampigia huyu mzee nduru halafu unamuuliza mbona anatoka."

 

Mimi ni wa Nyakach, Mzee ni wa Seme, na kote huko ni kitu kimoja. Nduru, yale mayowe ya kuomba msaada, ikipigwa, mwanamume hakai ndani ya nyumba. Anashika kilicho karibu anatoka, anakimbilia sauti, anauliza akiwa njiani. Asiyetoka ataulizwa kesho yake alikuwa wapi, na hilo swali litamfuata mpaka kwa wajukuu. Nimeliona tangu nikiwa mtoto. Baba yangu alitoka na kijiko cha chai mkononi. Na mimi, na digrii yangu, nimemwekea mume wangu nduru mbili juu ya kichwa nikidhani zitamfanya atulie ndani. Wazungu waliotengeneza hiki kitu, kwao king'ora kikilia mtu anafunga mlango. Mimi nilikuwa na kisingizio gani?

Nina hasira. Zote ni juu yangu mwenyewe.

Majirani wawili wamelalamika kuhusu kelele. Shemeji amesikia pia. Atakuja Jumapili. Ameuliza kama Mzee alifika majini. Nimesema hapana, na ni kweli, lakini anakuja na gari kubwa la kuazima.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepanda juu ya meza nimeshusha ving'ora vyote viwili. Nimevitia kwenye gunia.

Halafu nikaenda ufukweni kuwashukuru wale akina mama wa Ijumaa ile, kwa sababu sikuwa nimewashukuru vizuri. Nikawauliza tu, siku ile kulikuwa na nini? Wakaniambia kiboko alikuwa ametokea kwenye matete, mmoja wao alikuwa karibu, wote wakapiga mayowe. Kiboko akazama. Baadaye kidogo wakamwona Mzee anakuja, anaingia majini moja kwa moja.

Kwa hiyo hata siku ile. Hatoki ovyo. Anaitika.

Sasa kuondoa ving'ora hakutoshi. Mtaa huu umejaa sauti. Mpira uwanjani. Makanga wakiita abiria. Mkesha wa kanisa. Watoto wakitoka shule. Siwezi kuunyamazisha mji wa Kisumu.

Jioni nimepitia soko la Kibuye. Nimepata boksi la mtumba lenye nafasi ya laini ya simu. Mlango ukifunguka, linapiga simu kwa namba ulizoliwekea, kimyakimya. Muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba linafanya kazi. Halikufanya. Nimelifungua, nimetoa kutu kwa mswaki, nimebadilisha fyuzi, limewaka. Betri yake ya ndani imevimba kidogo lakini inashika chaji. Itangoja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga boksi jipya. Namba ya kwanza yangu, ya pili Oluoch, ya tatu Mama Quinter. Jikoni nimeweka kengele ndogo ya mlangoni, ile inayolia kama ndege. Mzee haitikii ndege.

Jioni nimewaita hao wawili, nikapika chai ya maziwa. Tatizo lilikuwa hili: ukikutana naye njiani unamwambia nini? Ukimshika anapiga. Oluoch bega bado linamuuma. Ukimwambia rudi nyumbani anakuona mwoga, anakuuliza utarudi vipi na watu wanalia. Nimejaribu kumwambia hakuna anayelia. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Anasimama anasikiliza, anasikia mpira, ananiona mwongo.

Oluoch ndiye aliyeuliza kule kwetu kijijini watu hurudije. Watu wa nduru. Tukafikiria wote watatu. Mtu hurudi akiambiwa imekwisha. Siku zote kuna aliyetangulia ambaye anakutana na wanaochelewa, anawaambia mwizi ameshashikwa, au ng'ombe amepatikana, au moto umezimwa. Na waliochelewa wanashukuriwa pia, kwa sababu walitoka. Hakuna anayerudi bila kuambiwa.

Tumekubaliana maneno. Nilijisikia mjinga kuyafanyia mazoezi, watu wazima watatu na vikombe mkononi.

Jumamosi, 15 Machi

Mpira uwanjani tangu saa nane. Walipofunga bao, kelele zikaja mpaka hapa. Ndege akalia jikoni. Simu ikaita mfukoni.

Sikukimbia. Nilitoka langoni nikasimama. Oluoch alikuwa ameshaweka chini vifaa vyake, miwani ya kuchomelea iko kwenye paji la uso, amesimama katikati ya njia kama mtu anayerudi kutoka huko. Nikamsikia.

"Imekwisha, Mzee. Ameshashikwa. Asante kwa kutoka."

Mzee akasimama. Akauliza kama kuna mtu ameumia. Oluoch akasema hakuna. Akauliza mwizi ni wa wapi. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Oluoch akafikiri, akasema si wa hapa. Mzee akatikisa kichwa, akasema siku hizi wanatoka mbali. Wakapeana mikono. Akageuka mwenyewe.

Alipofika akaomba maji, akanywa akiwa amesimama. Nililia bafuni, na maji nikayafungulia ili asisikie.

Kesho Shemeji.

Jumapili, 16 Machi

Naandika yote yalivyokuwa.

Shemeji alifika na gari lenye nafasi ya godoro nyuma. Alikuwa na adabu. Nilipika samaki wa mbuta na ugali wa mtama, anaoupenda. Nikamwonyesha sumaku, boksi, kengele. Nilieleza vizuri sana, kama siku ya mkaguzi. Alitazama kila kitu na kusema ni kazi nzuri. Mzee alikula akamwita "bwana mkubwa". Hakumtambua. Shemeji aliangalia sahani yake muda mrefu.

Baada ya chakula stima ikapotea. Sikujali, nina betri. Shemeji akasinzia kwenye kiti. Mimi nikaenda nje kuosha sufuria.

Niliporudi kiti cha Mzee kilikuwa tupu. Mlango wa mbele wazi. Ndege hakulia. Simu haikuita. Ile betri ya Kibuye, iliyovimba, ambayo niliandika kwa mkono wangu kwamba itangoja.

Nilipiga kelele, ndiyo, na mimi. Shemeji akaruka. Tukakimbia. Kona, Oluoch hayupo, karakana imefungwa, ni Jumapili. Njia panda, Mama Quinter yuko kanisani. Tukashuka mpaka ziwani. Kulikuwa na kundi linabatizwa, wamevaa nguo nyeupe, wanaimba na kupaza sauti. Mzee alikuwa amesimama ukingoni, fimbo juu, anawaangalia wale waliokuwa majini, hajui amsaidie yupi.

Shemeji alimfikia kwanza. Akamshika mkono akamwambia tuondoke. Mzee akamgeukia na fimbo. Ningeweza kusema yale maneno mimi, lakini nilijua hayatatoka vizuri kwangu. Maneno hayo anayasema mwanamume aliyetangulia. Nikamwambia Shemeji, mwachie mkono. Mwambie imekwisha.

Shemeji akaniangalia. Ni mtoto wa boma moja na Mzee. Sikuhitaji kumweleza. Akamwachia mkono, akasimama wima, akavuta pumzi.

"Imekwisha, ndugu yangu. Tumemshika. Asante kwa kutoka."

Fimbo ikashuka. Mzee akamuuliza yeye ni wa boma gani. Shemeji akataja jina la baba yao. Mzee akasema anamjua huyo mzee, ni mtu mzuri, amsalimie sana. Shemeji akasema atamsalimia. Baba yao amekufa zamani.

Tukarudi polepole. Viatu vya Mzee vilikuwa vinatoa maji kila hatua. Shemeji aliviona. Mimi nilimwona akiviona. Tulikuwa tumekubaliana, na mimi nilisema sawa.

Nyumbani alimvua viatu yeye mwenyewe, akavianika barazani. Halafu akakaa ndani ya gari peke yake, mlango wazi, miguu nje. Nilibaki nimesimama kwenye ngazi nikisubiri aniambie nimfungie Mzee nguo. Alipokuja alisema, "Kwetu tungemfungia, shemeji. Unajua. Na angesikia kila kitu akiwa ndani."

Akasema ninunue betri mpya. Akasema na namba yake iwekwe kwenye boksi. Nikamwambia Kombewa ni mbali, atafanya nini simu ikimwita huko? Akasema hata kama hafiki, ataamka.

Akaondoka na gari tupu. Nimechoka.

Jumatano, 19 Machi

Betri mpya, kutoka dukani, na risiti. Nimezima stima makusudi kwenye mita na kufungua milango yote. Ndege analia. Simu zinaita zote nne, mpaka Kombewa. Shemeji alipokea akihema, ilibidi nimwombe msamaha kwamba ni jaribio. Nimemfundisha pia dada yake Oluoch maneno, kwa siku za Jumapili, yeye huwa hatoki mbali, na namba yake nimeiongeza kwenye boksi. Tumekubaliana kwamba yeye atasema wanaume wametangulia na wamemaliza.

Mvua zimeanza. Sensa ya nyuma imeingia maji kidogo, nimeikausha juani na kuifunga tena kwa nailoni.

Jumapili, 23 Machi

Alitoka mara moja, watoto walikuwa wanafukuzana njiani. Alirudishwa. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 30 Machi

Leo sikwenda kanisani, kifua kinanibana. Mzee alikuwa barazani. Huko mtaani mbwa walimfukuza mtu wa boda na watu wakapiga makelele. Ndege akalia. Nilibaki kwenye kiti. Simu ya dada yake Oluoch ikaja baada ya muda: ameambiwa, amekubali, anarudi.

Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akajaribu komeo kama limeshika vizuri. Akaja akasimama mbele yangu, kofia mkononi, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Akaniambia nisiogope, mwizi ameshikwa, naweza kupumzika.

Nikamshukuru.

Akaangalia chumba chote, kisha akaniuliza, "Mama, mume wako yuko wapi? Mbona anakuacha peke yako siku kama hii?"

Nikamwambia alikuwa ametoka na wengine kwa ile nduru, lakini ameshaingia.

Akasema basi ni vizuri. Akakaa, nikammiminia chai.